Futa, Bandika, Sema

Shangazi alipopiga simu ofisini hakusalimia, na mtu aliyelelewa vizuri akiacha salamu ujue jambo limemfika kooni.

"Hii mashine yako ina jini au ina wazimu, mojawapo," alisema. "Daktari kaja asubuhi, kamuuliza kaka yangu, mzee, usingizi vipi? Mimi nilishamwekea maneno tayari, kwa mkono wangu mwenyewe: Nalala vizuri, ahsante. Kabonyeza. Unajua imesema nini mbele ya daktari wa watu?"

"Imesema nini, Shangazi?"

"'Ondoka mbele ya televisheni.'"

Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja. "Daktari akafanyaje?"

"Kaondoka mbele ya televisheni! Ulitaka afanyeje? Na wewe usicheke, nakusikia."

Alikuwa anacheka kweli, lakini kicheko kilimkauka alipokata simu. Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili hiyo haikuwa ya mchezo.

Hebu tuwajue watu wenyewe kwanza. Kitinda ni kitindamimba wa nyumba ile, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kusoma, kuajiriwa na kukabidhiwa ufunguo wa ofisi. Ukizaliwa wa mwisho umezaliwa wa mwisho, hata uote mvi. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, zile zinazotoa risiti madukani. Baba yake alikuwa dalali wa mnada. Si dalali wa kunong'ona, la! Dalali wa kupanda juu ya kreti na kuita mpaka wenye maduka watoke nje. Mzee yule aliweza kumuuzia kabati mtu aliyekuja kutafuta baiskeli, na mtu huyo akaondoka na kabati lake anashukuru. Halafu kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, na kana kwamba hiyo haitoshi, kikachukua na sauti. Dalali akabaki na mkono wa kushoto, akili zake zote, na macho yasiyopitwa na kitu.

Ndipo Kitinda akamtengenezea programu ya kuandikia. Za kununua zilikuwapo, lakini zina vitufe vingi kama nyota, na Baba alikuwa na vidole vya mkono mmoja. Hii yake ilikuwa na maandishi makubwa meupe na vitufe vinne tu vya kazi, kila kimoja amekibandikia karatasi ya rangi. Futa: mstari mzima unaondoka. Nakili: maneno uliyoyachagua yanaingia mfukoni. Bandika: yaliyomo mfukoni yanatoka na kukaa pale unapotaka. Sema: mashine inasoma kwa sauti yote yaliyo mahali pa kusemea, chini ya skrini; juu ni orodha ya maneno tu. Huo mfuko ni mahali ndani ya kompyuta ambapo maneno hungoja kubandikwa. Wenzake wa kazini wanauita kwa majina makubwa makubwa, yeye aliuita mfuko ili Baba aelewe. Tena aliuwekea kumbukumbu, umeme ukikatika maneno yasipotee.

Sasa, Jumapili. Siku hiyo kungekuwa na kikao cha familia. Kaka mkubwa wa Kitinda alikuwa mwalimu mkuu kazini na mwalimu mkuu nyumbani, na hata wa nyumbani walimwita hivyohivyo, Mwalimu Mkuu, yeye akidhani ni heshima. Alitaka Baba ahamie kwake, mji mwingine kabisa. Chumba kilishapakwa rangi. Mpangaji wa nyumba ya Baba alishapatikana. Shangazi alikuwa amechoka, miguu inamvimba kwa kumwinua mtu mzima, na hakuna wa kumlaumu. Kitinda mwenyewe aliona ni jambo la heri. Kila simu yake ikiita asubuhi alidhani Baba kaanguka bafuni. Wote walikuwa wamekubaliana. Kilichobaki ni kwamba mwenye kuhamishwa hakuwa amesema neno.

Ni Kitinda aliyeshikilia kwamba lazima aseme. "Kwa sauti yake," alimwambia kaka yake. "Kupitia mashine, mbele yetu wote. Akikubali, kakubali. Akikataa, tumsikie." Mwalimu Mkuu alikubali kama anavyowakubalia wazazi wakorofi shuleni, yaani ilimradi wanyamaze. Sasa kama siku yenyewe mashine itaropoka habari za televisheni, basi Baba atahesabiwa hana akili, na Mwalimu Mkuu ataamua peke yake. Hiyo ndiyo iliyomkausha Kitinda kicheko.

Akaifungua programu palepale ofisini. Akaandika "Nalala vizuri, ahsante." Akalichagua, akabonyeza Nakili, akashuka chini, akabonyeza Bandika. Likaja: Nalala vizuri, ahsante. Akabonyeza Sema, na ile sauti bapa, isiyopanda wala kushuka, ikatangazia ofisi nzima kwamba inalala vizuri, ahsante.

"Hongera," alisema jirani yake wa meza.

"Kwangu inafanya kazi," Kitinda alinong'ona. Haya ndiyo maneno ambayo watu wa kazi yake huyasema muda mfupi kabla ya kuaibika.

Kubandika ni jambo dogo ukilisimulia. Unatazama pale kimstari cha kuandikia kinapopepesa. Unaupasua mstari hapo, maneno ya upande wa kulia unayasogeza yasubiri kidogo, unachota kilichomo mfukoni, unakimwaga kwenye nafasi, unayarudisha yale ya kulia, unakipeleka kimstari mwisho. Basi, mtoto wa darasani anaweza. Kitinda akasoma maagizo yake yote kuanzia juu hadi chini, akayaona safi. Akasoma kuanzia chini hadi juu, bado safi. Pengine ni maneno yenye mistari miwili? Akajaribu ya mistari miwili. Yakaja yote. Pengine ni ukibandika katikati ya neno? Akabandika katikati ya neno. Likapasuka sawasawa kama alivyoliagiza. Akakifuta kipande kile chote cha programu kwa hasira, akakiandika upya, kikatoka kilekile, kwa sababu akili iliyokiandika ilikuwa ileile.

Simu ikaita tena. "Nimeweka Nataka uji," Shangazi alisema. "Imesema Choo. Nimempeleka chooni, kanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa."

"Lakini Shangazi, umebonyeza nini, halafu nini?"

"Nimebonyeza ulivyonifundisha!"

"Sawa, lakini kwa mpangilio upi?"

"Mwanangu, mimi ni mshona nguo. Kama unataka mpangilio njoo uuone."

Kichwa kilikuwa kinamgonga. Akatazama skrini, skrini ikamtazama. Alianza kushuku vitu vya kipumbavu, vumbi kwenye kibodi, joto, umeme wa mtaa ule. Yeye aliyekuwa akiwacheka wateja wanaosema kompyuta "imeamka vibaya", sasa alijikuta anajiuliza kama kweli huamka.

Jumamosi akaenda nyumbani kwa Baba. Nyumba ilikuwa vilevile: viti vyenye vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani inayotangulia, na kile kiti cha Baba dirishani, mahali ambapo mtu anaona lango, barabara, na kila anayepita na alichobeba. Baba alimnyooshea mkono wa kushoto, akamshika shavu, akamminya kama alivyokuwa akimminya alipokuwa mtoto. Kitinda akaketi chini karibu naye.

"Haya Shangazi, fanya kama unavyofanya. Mimi nitakaa kimya."

Shangazi akavaa miwani na kukaa mbele ya mashine kama anakaa kwenye cherehani. Kazi aliyojipa ilikuwa kumwandalia kaka yake maneno ya kutwa, ili mzee asipate shida ya kuandika. Akachagua "Nataka uji" katika orodha yake ya juu, akabonyeza Nakili. Akashuka mpaka mahali pa kusemea. Hapo palikuwa na neno la zamani, "Choo". Shangazi ni mtu safi, hawezi kuweka kitu kipya juu ya uchafu. Akabonyeza Futa, "Choo" ikaondoka. Akabonyeza Bandika.

Ikatokea: Choo.

"Unaona? Unaona jini hilo? Nimelifukuza, limerudi!"

Kitinda alikodoa macho. Kisha akajipiga paji la uso. Lo! Katika programu anayoandikia kazini tangu alipokuwa chuoni, kitu ukikifuta huwa hakipotei; kinaingia mfukoni, kikisukuma nje kilichokuwamo, ili ukitaka ukibandike kwingine; na ukifuta mistari mfululizo, yote inakaa humo pamoja kwa mpangilio wake. Amezoea hivyo kama mtu anavyozoea kuvaa kiatu cha kushoto kwanza. Alipomwandikia Baba programu, vidole vyake vilifanya hivyohivyo bila kumuuliza. Na kila alipojaribu ofisini hakufuta chochote katikati, alinakili na kubandika tu. Kwake yeye hilo halikuwa kosa wala jambo. Lilikuwa hewa.

"Si jini, Shangazi. Ni mimi."

"Bora angekuwa jini, angeogopa dua."

Akavuta kiti, akaanza kurekebisha. Akaandika agizo jipya: kinachofutwa kitupwe, kisiingie mfukoni kabisa. Mfukoni kiingie kile tu kilichonakiliwa. Mstari mmoja wa maagizo, mfupi, wala haukumtoa jasho.

Baba akaanza kugonga meza.

Kitinda akainua kichwa. Mzee alikuwa amenyoosha kidole, anagusa Futa, kisha Bandika. Futa, Bandika. Akatikisa kichwa. Futa, Bandika.

"Ndiyo, Baba, hapohapo ndipo palipokuwa na kosa. Nimeshapaona."

Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi, koo likatoa ule mkoromo wake ambao hauwi neno.

"Ana kiu," alisema Shangazi.

"Usiwe na wasiwasi, Baba. Sijaondoa kitufe hata kimoja. Vyote viko palepale, kila kimoja na kazi yake. Kama kawaida."

Baba akamtazama muda. Alionekana kulipima lile neno la mwisho kama alivyokuwa akimpima mnunuzi asiye na kitu mfukoni. Mwishowe akashusha mkono. Shangazi akamletea maji, akayanywa, labda kwa kukata tamaa.

"Haya, jaribu," Kitinda alimwambia Shangazi. "Andika chochote."

Shangazi akafikiri, akatabasamu kwa pembe ya mdomo, akaandika: Sawa wanangu, nimekubali. Akalinakili. Akashuka, akafuta neno lililokuwapo, akabandika. Ikaja palepale: Sawa wanangu, nimekubali.

"Ee, sasa imepata akili," alisema. "Na yeye Mungu amjalie aseme hivyohivyo kesho."

Wakacheka wote wawili, wakaifuta skrini, wakaenda jikoni. Kitinda alilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi ya Jumapili aliona kitu ambacho hakukielewa. Baba alikuwa ameigeuza skrini ielekee dirishani, na anaandika. Kidole kinapanda, kinatafuta, kinashuka. Shangazi alipopita na ufagio akanyoosha shingo, maana Shangazi na herufi tatu za kwanza tu humtosha, sentensi anakumalizia mwenyewe na jibu anakupa. Mzee akaifunika skrini kwa kiganja. Akaandika tangu chai ya asubuhi mpaka jua lilipoingia kwenye zulia. Kisha akasoma alichoandika, midomo ikichezacheza. Kisha akabonyeza Futa, tena na tena, mpaka skrini ikawa tupu. Akaegemea kiti, akafumba macho, ametulia kabisa.

Kitinda alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Kaghairi? Mtu anaandika asubuhi nzima halafu anafuta yote, na anaonekana ameshiba? Alitaka kumuuliza, lakini honi ya gari la Mwalimu Mkuu ikalia langoni.

Kikao kilianza baada ya chakula. Mwalimu Mkuu aligonga glasi kwa kijiko, ingawa walikuwa watu wanne tu na wote walikuwa kimya. Akasema kwa kirefu. Akasema habari za chumba kipya, dirisha lake, choo kilicho jirani na kitanda. Akasema habari za wema wa mpangaji. Akasema mwenye lori la kuhamisha vyombo atafika kesho asubuhi na mapema, ameshaongea naye.

"Umeshaongea naye?" Kitinda aliuliza. "Kabla ya kikao?"

"Kujiandaa si dhambi. Haya, Baba, mdogo wetu hapa amesema lazima tukusikie. Sema mzee wetu, tunakusikiliza."

Wakamgeukia. Baba akajiweka sawa kitini, akavuta kola ya shati. Kwa nukta moja Kitinda alimwona yule mtu wa zamani, kreti chini ya miguu na umati mbele. Mzee akabonyeza Bandika, kisha, bila hata kutazama skrini, macho yake yakiwa kwa mwanawe mkubwa, akabonyeza Sema.

"Sawa wanangu, nimekubali," mashine ikasema.

Shangazi akapiga kigelegele. Mwalimu Mkuu akaachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu mlangoni, akacheka, akasema, "Umeona, Kitinda? Na wewe ulikuwa unatutia hofu!" Kitinda naye alihisi mzigo unamshuka mabegani. Alikuwa amefurahi, tusimsingizie. Alikuwa amefurahi sana.

Lakini Baba alikuwa ameganda. Akaitazama mashine kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Akabonyeza Sema tena.

"Sawa wanangu, nimekubali."

Akapiga meza kwa kiganja, paa! Vikombe vikaruka.

"Amegonga!" Mwalimu Mkuu alisema, akiigiza mnada, machozi ya kicheko yanamtoka. "Dalali ni dalali! Mara ya pili, jamani, mara ya pili!"

Baba akafuta. Akabandika. Akabonyeza.

"Sawa wanangu, nimekubali."

"Mara ya tatu! Imekwenda!"

Paa! Mzee alipiga meza tena, na koo lake likaanza kukoroma, mkoromo mrefu, na Shangazi akamkumbatia akisema, "Lia kaka yangu, lia, kuhama si mchezo, hata mimi nililia." Na kweli mzee alikuwa analia. Ila Kitinda hakuielewa sura ile. Aliwahi kumwona Baba akilia kwenye msiba wa mama yao, na hakulia hivi. Hivi alikuwa analia kama mtu aliyefungiwa ndani huku anawasikia watu wanapita nje.

"Ngojeni kidogo," alisema.

"Ngojeni nini?" Mwalimu Mkuu alikuwa ameshatoa simu. "Nimthibitishie mwenye lori."

"Ngojeni!"

Akapiga magoti mbele ya skrini. Sawa wanangu, nimekubali. Kitinda ameyaona wapi haya maneno? Baba hawezi kuandika "wanangu". Tangu wakiwa wadogo yeye huwaita "nyie watu". Akili ilikuwa imejaa ukungu. Ameandika asubuhi nzima, amefuta, amebandika, imetoka hii.

"Shangazi. Haya si maneno yako ya jana? Ya kujaribia?"

"Ndiyo, yangu," alisema Shangazi, bado kamshika kaka yake kichwa. "Lakini si ameyachagua mwenyewe?"

Kitinda akatazama vitufe. Karatasi ya Nakili ilikuwa karibu mpya, imeguswa na Shangazi tu, mara chache kwa siku. Bila shaka; kunakili kunataka mkono mmoja ushikilie na mwingine uchague, na Baba mkono wa pili ameutoa wapi? Karatasi ya Futa ilikuwa imesuguliwa mpaka maandishi hayasomeki. Karatasi ya Bandika vilevile.

Hapo ndipo akajua. Baba hakuwahi kulalamika. Aliyelalamika alikuwa Shangazi. Mzee alikuwa ameligundua lile jambo zamani na kulifanya lake: anaandika neno lake taratibu, analifuta ili hao wenye shingo ndefu wasilisome na kulimalizia, linakaa mfukoni, na zamu yake ikifika analitoa zima, kwa mpigo, kama mtu anayesema. Dalali hamwonyeshi mtu bei yake kabla ya wakati. Jana alipogonga meza na kuonyesha Futa, Bandika, Futa, Bandika, alikuwa anamwambia: hapo usiguse. Na mtoto wake mwenye elimu akamjibu, ndiyo Baba, nimeshapaona.

"Baba," alisema. "Uliyoyaandika asubuhi. Uliyafuta ili uyabandike sasa?"

Mzee akaacha kukoroma. Akamtazama, akainamisha kichwa mara moja: ndiyo.

Kitinda akafungua programu kwa ndani, akatafuta kila pembe. Hakukuwa na kitu. Kinachofutwa kitupwe, alikuwa ameiagiza, na mashine ilikuwa imetii. Asubuhi nzima ya mzee ilikuwa imetupwa, na aliyeitupa ni yeye. Kama ingekuwa karatasi angeokota vipande.

"Kuna nini?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Mbona sielewi? Amekubali au hakukubali?"

"Hakusema yeye. Nimeiharibu mimi. Alikuwa na maneno yake, nimeyapoteza."

"Sasa... alitaka kusema nini?"

Kitinda alifungua mdomo kumjibu, akaona hajui. Shangazi naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na sentensi ya kummalizia mtu. Watu watatu wenye ndimi zao wakatazamana. Ndipo Mwalimu Mkuu, ambaye huuliza maswali kwa mamia ya watoto na majibu yote anayajua, akaiweka simu chini ya kiti na kumgeukia baba yake. Alionekana ghafla mtu wa kawaida, kijana aliyekosea njia.

"Baba," alisema, "wewe unataka kukaa wapi?"

Kitinda akaigeuza skrini ielekee kwa Baba peke yake, akarudi kukaa kwenye zulia. Hakuna aliyenyoosha shingo. Kidole kikapanda, kikatafuta, kikashuka. Saa ya ukutani iligonga saa isiyokuwa yake. Barabarani mtu alipita anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, wakalisikia mpaka likapotea.

"Hapa," mashine ikasema.

Shangazi akaanza kulia kimyakimya, miguu yake aliyoichoka ameikunja chini ya kiti. Mwalimu Mkuu akajikuna shingo.

"Lakini Baba, Shangazi amechoka, sote tunaona. Sisi tuko mbali. Hapa utakuwa peke yako."

Kidole kikapanda tena. Safari hii kilichukua muda mrefu, mrefu kuliko watu wa nyumba ile walivyowahi kunyamaza wakiwa pamoja. Mara mbili Shangazi alifungua mdomo, na mara mbili akaufunga. Chai ilipoa. Mzee alisita, akarekebisha herufi, akaendelea. Alipomaliza hakufuta. Alimtazama mmoja mmoja, kwanza dada yake, kisha mwanawe, kisha Kitinda, akabonyeza Sema.

"Hata mkijaa humu mimi niko peke yangu," mashine ikasema kwa sauti yake bapa. "Leo ndiyo mmeniuliza."

Mwalimu Mkuu akaokota simu yake chini ya kiti, akampigia mwenye lori, na kumwambia kesho asije.